Sindano ya Fundi Khamala

Nasipwondi amekuwa mhudumu wa afya ya jamii hapa Kabiro kwa miaka kumi na tisa. Hana shahada. Hata hivyo, kila muhula chuo humletea wanafunzi watatu, wa udaktari, uuguzi na ufamasia, wazunguke naye nyumba kwa nyumba na wajifunze kufanya kazi pamoja.

Mwaka jana aliwapeleka kwa mzee Khamala, fundi wa nguo ambaye sukari yake ilikataa kushuka. Wambua, wa udaktari, akampima, akasoma kadi yake ya kliniki, akaanza kuandika.

"Insulini haimtoshi. Nitapendekeza iongezwe."

Joan, wa uuguzi, alishaanza kumweleza mzee mambo ya chakula. Oluoch, wa ufamasia, alikuwa anahesabu chupa za dawa. Kila mtu na lake.

"Ngojeni kwanza," Nasipwondi akasema, akamgeukia mzee. "Baba Isaac, hebu tuonyeshe vile huwa unavuta dawa."

Mzee alisita. Akachukua sindano, akavuta, akampa Joan. Joan aliiinua mlangoni penye mwanga. Dawa ilikuwa nusu ya kipimo kilichoandikwa.

"Mzee, hii mistari unaiona?" Oluoch akauliza kwa upole.

Khamala akageukia cherehani yake. "Sijaiona tangu Pasaka. Hata uzi natungiwa na jirani. Wateja wakijua, nani ataniletea nguo?"

Wambua akafuta alichoandika. Dozi ingeongezwa, halafu siku moja jirani amvutie sawasawa, sukari ingeshuka mno na mzee angezirai.

Wakakaa kitandani, wakabishana karibu saa nzima. Oluoch alijua insulini ya kalamu, inayolia tik kila ukizungusha kipimo kimoja. Mzee angehesabu kwa masikio. Joan akasema atarudi kumfundisha mpaka azoee. Wambua akaongeza kwamba mzee apelekwe kupimwa macho. Wakamwandikia daktari wa kliniki barua moja, majina matatu chini, naye akakubali yote.

Miezi mitatu baadaye sukari ilikuwa imetulia, na Khamala alikuwa ametolewa mtoto wa jicho upande wa kulia.

Juzi chuo kilimwalika Nasipwondi aongee na walimu. Mmoja akamuuliza huwa anawafundisha nini hasa wanafunzi wao.

"Kuulizana," akajibu. "Na safari hii nileteeni wanne. Kuna mama huko mtaa wa Satellite amepooza mkono, nataka pia wa mazoezi ya viungo."