Kona ya Barua ya Samawati

Stempu yangu ya kwanza ilikuwa na ndege mwenye shingo ndefu, na nilimpenda kuliko kuku wote wa kwetu. Nilipewa na sista mmoja wa hospitali ya misheni pale Mutomo, mzungu wa miwani, niliyekuwa nikimpelekea mayai kila Jumamosi. Ilikuwa miaka ya sabini, niko darasa la sita, na mayai yenyewe yalikuwa ya Susu. Susu ndivyo tulivyomwita nyanya, mama yake baba, na mimi ndiye niliyekuwa nikiishi naye.

Sista alinifundisha kazi. Stempu haibanduliwi kwa ukucha, itachubuka. Unakata kona ya bahasha, unailaza kwenye bakuli la maji, halafu unangoja. Haki, hakuna kitu nilichopenda kama kule kungoja. Mchana jua limewaka, mbuzi wamelala kivulini, hata jogoo amechoka kuwika, nami niko kifudifudi sakafuni, kidevu juu ya mikono, natazama kikaratasi kikilowa. Mwanzoni hakuna kitu. Baadaye stempu inajikunjua ukingo mmoja, inaachana na karatasi polepole, inaelea peke yake, nami naelea nayo. Nilifika nchi ambazo mito inajaa mwaka mzima. Nilipita kwenye bustani za wafalme wenye ndevu, na hakuna hata mmoja aliyenituma kuchota maji.

Maana maji ndiyo yalikuwa shida. Tuliyachimba mchangani mtoni na kuyabeba kwa punda, asubuhi nzima imekwisha. Susu akatoa sheria: "Loweka makaratasi yako, lakini maji yangu hayamwagwi." Kwa hivyo nikimaliza, bakuli linaenda kwa kuku. Walikunywa gundi ya dunia nzima na hawakufa.

Kitinda mimba wa Susu, ambaye kwangu ni baba mdogo, alikuwa ng'ambo akisoma, katika nchi ya baridi. Barua zake zilikuja kwa sanduku la kanisa, na baada ya ibada mzee wa kanisa alisimama mlangoni akiita majina. Kwetu barua haikufunguliwa ovyo. Ilingoja Susu aketi, ajifunge leso yake nzuri, chai imiminwe, ndipo isomwe kwa sauti. Msomaji alikuwa mimi, kwa kuwa Susu hakujua kusoma na baba alikuwa kazini Mombasa. "Huyu ndiye macho yangu," Susu aliwaambia wenzake, nami kichwa kikinivimba ajabu.

Jumapili moja jina la Susu likaitwa. Yeye alikuwa anabaki kwenye mkutano wa akina mama, akaniambia nitangulie na barua, nikainjike chai. Nilipoitazama vizuri njiani nilisimama. Zile nyingine zilikuja kwa bahasha nyeupe nene. Hii ilikuwa nyepesi, ya samawati, na konani kulikuwa na stempu ya mlima mweupe kutoka kileleni hadi chini, na nyuma yake anga la rangi ambayo sijaiona tena popote. Wee! Nilijiona nimesimama juu ya ule weupe, miguu peku, na hakuna vumbi.

Kufika nyumbani sikuweza kungoja. Nilijiambia, bahasha ni ganda tu, barua imo ndani, kona haina neno. Nikachukua wembe, nikakata kona kwa uangalifu mkubwa, nikailowesha, nikainjika chai. Chai ilipochemka, mlima ulikuwa unaelea. Nikauanika juu ya daftari langu. Kile kikaratasi cha chini kilikuwa kimegeuka bonge, nikakitia motoni. Maji siku hiyo yalikuwa na rangi ya bluu kidogo. Nikadhani ni wino wa muhuri wa posta, nikawapa kuku.

Susu akaja, akaketi, akajifunga leso. Nikakunjua. Ala! Hakukuwa na barua ndani. Bahasha yenyewe ndiyo iliyokuwa barua, karatasi moja iliyokunjwa mara tatu, imeandikwa upande wa ndani mpaka pembeni kabisa. Na kwenye maandishi, dirisha nililolikata mimi.

Nilianza kusoma. Salamu kwa wote, salamu kwa mchungaji, baridi ya huko. Kisha: "Mama, kuna jambo moja tu naomba unijibu wewe mwenyewe, na utakavyosema ndivyo nitakavyofanya. Je," na hapo pakawa na tundu. Chini yake: "Nangojea jibu lako. Ni mimi mwanao."

"Je, nini?" Susu aliuliza.

Nilitazama kupitia lile tundu, na kilichoonekana kilikuwa goti langu.

"Je, magoti yako yanaendeleaje?" nikasema.

Susu alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mtoto yuko mbali hivyo na bado anauliza magoti ya mama yake! Akanifanya niandike jibu siku hiyo hiyo, kurasa mbili za magoti: lipi linauma kukicha, lipi linauma wakati wa mawingu, dawa gani ameshapaka. Niliandika yote. Niliogopa, na nilivyozidi kuogopa ndivyo mwandiko wangu ulivyozidi kupendeza.

Baba mdogo hakurudi. Barua zake zikawa fupi, kisha zikawa za Krismasi tu. Alipata kazi huko, akaoa huko. Susu alikuwa akisema, "Nilimwambia yananiuma. Mwenye kusikia angekuja." Nikawa mtu mzima, nikawa mwalimu, mende wakala nusu ya daftari langu kwa sababu ya uji niliobandikia stempu, wakawala na wafalme, lakini ule mlima hawakuugusa. Mimi ndiye niliyeuruka kila nilipofungua kurasa.

Baba mdogo alikuja miaka ya tisini mwanzoni, kwa wiki tatu, kichwa kimejaa mvi. Jumapili ya mwisho tulikuwa tunakunywa chai, akaanza kumtania mama yake.

"Mama, mara moja tu maishani nilikuuliza swali kubwa, ukanijibu magoti!"

Alicheka peke yake. Susu akauliza, "Kwani hukuuliza magoti?"

"Niliuliza kama nikimaliza masomo nirudi nyumbani, au nichukue kazi ya kule. Niliposoma magoti kurasa mbili nikasema, basi, mama hataki kuniamulia. Na mama haulizwi mara mbili."

Susu akageukia upande wangu. Wakati huo alikuwa haoni vizuri.

"Macho yangu," akasema, "ulisoma nini siku ile?"

Nilienda kuleta daftari. Nikaeleza yote, ganda, wembe, chai, tundu, nikilia mbele yao kama mtoto, mwalimu mzima. Baba mdogo akaibandua stempu, akaigeuza. Nyuma ilikuwa nyeupe.

"Na maneno?"

"Yalinywewa na kuku."

Wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Yetu hata hayakumwagika.

Susu akanyoosha mkono, akapewa stempu, akaipapasa kwa kidole. "Kadogo hivi," akasema. Nilingoja anitukane, na ningeshukuru sana kutukanwa. Badala yake akamgeukia mwanawe.

"Uliza tena."

"Mama, hayo yamepita."

"Uliza vile uliuliza."

Baba mdogo aliweka kikombe chini. "Mama," akasema, "nirudi nyumbani?"

"Rudi," Susu akajibu, hata hakuvuta pumzi. "Rudi, mwanangu."

Tiketi yake ya ndege ilikuwa ya Alhamisi, na watoto wake watatu walikuwa wakimngojea katika nchi ya ule mlima.