Nimefungwa mkanda tumboni, halafu nikapelekwa ukweni kula ugali wa mlenda

Wakuu, salaam kutoka Dodoma.

Ninayoandika yamenipata mwenyewe. Anayedhani natunga aje Kizota ninakoshona makochi, nimwonyeshe kovu.

Mimi ni dada mkubwa. Wazazi walitutoka nikiwa bado shule ya msingi, nikaacha masomo nikalea wadogo zangu. Ndugu wa ukoo hatukuwaona. Walianza kuonekana tulipoanza kula nyama.

Sasa mwili ulinizidi, magoti yakagoma, sukari ikaanza kupanda. Nikafanyiwa gastric band. Ni mkanda unaobana tumbo kwa juu ili chakula kidogo kikushibishe.

Masharti nilipewa vizuri. Tonge dogo, tafuna mpaka liwe kama uji, ukihisi umeshiba acha hapo hapo. Maji unakunywa kabla, au unasubiri baadaye, siyo kushushia chakula. Soda sahau, gesi yake itakutesa.

Rahisi kusikia. Jaribu sasa kuyafuata mbele ya Wagogo wenzangu.

Kwetu ugali wa mlenda hautafunwi. Unachovya, unateleza, umekwenda. Ukikaa unatafuna, watu wanakutazama kama umeota pembe.

Baba mdogo, bingwa wa mambo asiyoyajua, akaja nyumbani kunipa "pole". Akaniona natafuna.

"Mlenda hauna haja ya meno, mama. Meza tu, unajipitia."

Nikameza. Mlenda ulipita, ugali ukabaki mlangoni. Kifua kikabana kama nimemeza nyundo, mate yakajaa mdomoni.

"Kunywa maji usukumie!"

Nikanywa. Yakarudi yote, pamoja na ugali, nyuma ya nyumba. Mtaalamu wetu alikuwa amehamia kwenye sahani yangu.

Muda si mrefu tukaenda Chamwino kupeleka posa ya Yona, mdogo wetu wa mwisho. Nimemlea tangu anatambaa, kwa hiyo nafasi ya mzazi nilikaa mimi. Baba mdogo alikuja kama mshenga, yaani kuongea kwa niaba yetu. Na kula kwa niaba yetu.

Wakatuandalia chakula kwanza. Ugali kama kichuguu, mlenda, kuku, na soda imefunguliwa tayari.

Nikakata tonge la ukubwa wa punje ya karanga. Nikatafuna. Nikatafuna.

Mashangazi wa binti wakaanza kunong'ona. Mmoja akasema kwa sauti kabisa, "Watu wa mjini, ugali wetu unawachoma."

Yona aliniangalia, jasho linamtoka. Kwao mgeni kudharau chakula ni kudharau nyumba, na nyumba iliyodharauliwa haitoi binti.

Baba mdogo akaninong'oneza, "Meza bwana! Unamharibia mtoto."

Wakuu, nilimtazama yule mzee. Miaka yote hakuwahi kuuliza Yona amekula nini. Leo ana uchungu naye.

Mama wa binti akauliza, "Mama, tumekukosea wapi? Mbona chakula hakishuki?"

Nikasema, "Shikamoo tena, mama. Hamjanikosea. Tumbo langu limefungwa mkanda na daktari. Nikimeza haraka, kitarudi hapa hapa mkekani. Chakula chenu ni kitamu na nitakula, ila mnivumilie."

Mama wa binti akacheka mpaka khanga ikamdondoka begani.

"Binti yangu amepata wifi asiyemaliza chungu! Wangapi wana bahati hiyo? Kula taratibu, mwanangu. Ondoeni hiyo soda."

Sasa pale kwao mgeni mkubwa asiponawa kumaliza kula, hakuna anayenawa. Na asiponawa mgeni, pombe haitoki.

Basi nikatafuna.

Baba mdogo alikaa na vidole vilivyokaukia ugali, macho kwenye dumu la pombe pembeni ya mlango. Akikohoa, nakata tonge jingine dogo. Mashangazi wakagundua, wakawa wananihimiza, "Tafuna, mama, usiharakishe!"

Nilinawa nilipohisi nimeshiba, siyo kabla. Posa ikapokelewa.

Nilichojifunza: ukishafanyiwa hii kitu, sema wazi kabla sahani haijafika. Na atakayekwambia meza tu, mwache ameze yeye.

Wenye band humu, ukweni mnakulaje? Na wale wa "kunywa maji usukumie", karibuni pia, leo nina nafasi ya kuwajibu.