Baruti ya Shangazi

Ndugu zangu wa Kasongo, leo nimepiga bunduki huku Kabambare nilikohamia, na mutu aliyekuja ni mumoja tu. Polisi.

Mukanda wenu, ile barua ya kusema shangazi amekufa, ulinifikia asubuhi.
Nikatia baruti tupu, nikapiga juu mara moja, kama tunavyofanya kwetu.
Kwetu, kabla moshi haujaisha, uwanja umejaa, kila mutu anauliza ni nani amekufa.

Huku majirani walifunga milango.

Sikujua, jamani. Huku hupigi bila ruhusa ya ofisi, hata kwa kilio.

Polisi akauliza, «Mukanda wa ruhusa ya bunduki uko wapi?»
Nikamupa. Akausoma polepole.
«Huu ni wa Kasongo. Hapa hauna kazi.»
Akachukua bunduki ya baba yangu, akaenda nayo.

Alipofika njiani akageuka.
«Ulikuwa unapiga nini?»
«Shangazi yangu amekufa.»
Akavua kofia.
«Pole, baba.»

Hadi sasa nimepewa pole hiyo moja tu.

Muniandikie waliokuja kulia huko. Muandike majina yote, hata ya watoto. Nataka kuyasoma kwa sauti humu ndani.