Kioo kwenye Baiskeli ya Mjomba

Juzi nilikuwa nimesimama Sakina, kando ya barabara ya Nairobi, nikitafuta usafiri wa kunirudisha nyumbani. Kijana mmoja wa bodaboda akanisogelea. "Shikamoo bibi, twende?" Nikaitazama pikipiki yake. Vioo vyote viwili havikuwepo. Nikamuuliza vimekwenda wapi. "Nimevitoa bibi, vinakwaruza magari ya watu. Kwani huko nyuma kuna nini cha kuona?" Sikupanda. Nilitembea kwa miguu, na njia nzima nilikuwa namfikiria mjomba wangu.

Kama hukuijua Kijenge ya enzi za Mwingereza, rafiki yangu, nikwambie ilikuwa migomba na kahawa, na baridi ya Julai iliyotuuma vidole vya miguu. Nililelewa huko na bibi mzaa mama. Alfajiri nilifagia ua huku yeye akipuliza moto na kukoroga loshoro, mahindi yaliyochemka mpaka yakalainika, kisha yakamiminiwa maziwa mgando. Moshi wa kuni, harufu ya maziwa, na Mlima Meru umejifunika wingu kama mgonjwa. Halafu, kabla jua halijapanda, harufu nyingine ilikuja juu ya zile zote: mikate.

Hiyo ilikuwa baiskeli ya mjomba, mdogo wake mama. Alichukua mikate mjini, kwa Mhindi mmoja mwenye tanuri, akapita nyumbani kunywa uji, kisha akaipeleka kwenye maduka ya Tengeru mpaka Maji ya Chai. Sisi mkate tulikula Krismasi tu, lakini harufu yake tuliipata kila siku.

Mjomba alikuwa kiziwi. Homa ya uti wa mgongo ilimchukulia masikio akiwa kijana, baada ya kwisha kujifunza kusema. Ukitaka kuzungumza naye ulimgusa bega, ukasimama mbele yake, ukasema polepole, naye akasoma midomo yako. Si wengi waliokuwa na subira hiyo. Ila baiskeli ilimpa watu. Kila duka aliposimama palikuwa na mtu wa kucheka naye, kumuuliza habari za mjini, kumpa ndizi. Bila ile baiskeli angekaa na bibi na mimi tu.

Siku moja alirudi uso umemshuka. Dereva wa lori la kahawa alikwenda kulalamika kwa mwenye tanuri kwamba mtu wake wa mikate hapishi, hata apigiwe honi namna gani. Mhindi hakuwa mtu mbaya. Alimwambia tu kwamba hataki damu kwenye mikate yake. Atafute njia ya kujua kinachomjia nyuma, au aiache kazi.

Jirani yetu, mwalimu wa shule ya misheni, ndiye aliyetoa shauri. "Tufunge kioo kwenye usukani," alisema. "Asiyesikia aone mara mbili."

Bibi alikataa. "Anayetazama nyuma hujikwaa mbele. Mnataka aendeshe huku anajitazama uso?"

"Mama, hatajitazama uso, atatazama barabara."

"Barabara iko mbele, mwalimu."

Walibishana hapo uani mpaka uji ukapoa. Mjomba alikuwa akigeuza kichwa, mdomo huu, mdomo ule, na mwisho akasema kwa sauti yake kubwa, "Nifungieni." Mwalimu akafunga kioo kidogo cha mviringo kwa waya upande wa kulia.

Waendesha baiskeli wenzake walimcheka. Walisema anajipaka poda njiani. Lakini mimi nilimwona siku moja akishuka mteremko wa Kijenge, lori likamjia kwa nyuma, naye kabla halijafika akasogea pembeni taratibu, kama mtu mwenye masikio mazima. Dereva akampungia mkono. Mjomba alifika nyumbani akicheka peke yake. Miezi ile ilikuwa ya raha. Hata bibi aliacha kunung'unika, na asubuhi nilimwona akikifuta kile kioo kwa ncha ya khanga yake.

Kisha kikaja kiangazi. Barabara ya Moshi ilikuwa bado ya udongo, na magari yalipita kwenye vumbi jekundu lililosimama kama ukuta. Wenye masikio walisikia mngurumo, wakaikimbia barabara mapema. Mjomba aligongwa karibu na Maji ya Chai. Walimleta mchana juu ya gari la ng'ombe, mguu umepinda pasipokuwa na kiungo, nywele zake nyekundu kwa vumbi.

Mguu haukuunga vizuri. Mwalimu alipokuja kumjulia hali alisema kioo kilimwokoa, kwa kuwa alikuwa ameshaanza kukwepa. Bila hicho tungezika. Bibi akasema kioo kilimdanganya, kwa kuwa zamani alipita pembezoni kabisa, kilipokuja kioo akazoea kupita katikati. Wote wawili walikuwa wakilia. Mjomba alikuwa amelala akiwatazama midomo.

"Niliona vumbi," akasema. "Nilijua lori limo ndani yake. Sikujua liko upande gani."

Bibi akamfuta uso kwa ncha ya khanga.

Mwenye tanuri akampa mtu mwingine njia ya mikate. Mwanzoni wale wa madukani walimtumia salamu, halafu salamu zikakoma, kwa sababu kumfikishia kiziwi salamu ni kazi. Mjomba alikaa mlangoni na mguu wake umenyooshwa. Nilikuwa nikimgusa bega nimweleze mambo ya shule, naye akaanza kugeuza uso upande mwingine nisiweze kusema naye. Mwaka uliofuata alikuwa haongei tena. Alifariki kabla ya Uhuru, kwa kifua, na bibi hakukaa sana nyuma yake.

Siku hizi barabara ile ni ya lami, pana, na watu bado wanagongwa. Nyumba ya bibi imekuwa ghala la saruji. Mwalimu alihamishwa, sikusikia alifia wapi. Tulimzika mjomba kati ya migomba ya shamba la ukoo, Maji ya Chai, na wanaukoo waliliuza nikiwa nimeolewa mbali.

Mwaka jana nilikwenda. Mwenye shamba mpya ni kijana mwenye adabu. Alinipa kiti, akaniambia, "Bibi, nionyeshe tu kaburi lilipo, nitalizungushia mawe." Tukaingia shambani pamoja. Migomba ilikuwa imeng'olewa yote, zimepandwa nyanya, mistari imenyooka toka mwanzo wa shamba hadi mwisho. Nilisimama hapa, nikasogea pale. Kijana alinifuata, jiwe la kwanza ameshalishika mkononi, na mwisho nilimwambia aliweke chini.