Mtu wa Kukutafuta Ukipotea

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kalamu nyekundu na fomu ya kurasa tatu. Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne Wundanyi, naishi Marekani, mji wa Euless karibu na Dallas, kwa shangazi yangu muuguzi. Haya zilinizidi, kwa hiyo niliyoshindwa kuyasema niliyaandika daftarini. Madaftari hayo ndiyo ninayoyafungua leo, kwa ajili yenu mnaoanza kazi za utafiti.

Kitengo chetu, ndani ya hospitali ya Dallas alikofanya kazi shangazi, kilijaribu dawa ya kupunguza hamu ya pombe. Kazi yangu ilikuwa kuchuja: nauliza maswali, na jibu moja baya linamtoa mtu. Ini likiwa limeharibika, anatoka. Asiye na anwani, anatoka. Waliobaki walimezeshwa vidonge visivyo na dawa kwa wiki mbili, na asiyerudi naye akatolewa kabla jaribio lenyewe halijaanza.

Nilimuuliza Mratibu, mama mpole wa Kitexas, kwa nini.

"Tunataka watu watakaorudi," akasema. "Anayepotea anaharibu hesabu."

Niliyaandika maneno yake, nikaona ni busara.

Mwaka wa pili akaja Mjomba Mwakio. Hakuwa mjomba wa damu. Ni Mtaita mwenzetu wa rika la mama, aliyekuwa akipakia mizigo ya ndege hadi akafukuzwa, kisha akawa analala kwenye makochi ya watu. Siku hiyo alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa tai.

"Kumbe hakimu ni wewe," akasema. "Nihukumu pole pole, mwanangu. Mikono inatetemeka, lakini si kwa kukuogopa."

Alijibu yote kwa ukweli. Anwani alitoa ya kochi la wiki ile, nikaipitisha. Tukafika ukurasa wa tatu: jina na simu ya mtu wa kukutafuta ukipotea.

"Mke alishabadilisha namba," akasema. Akafikiri. "Andika wewe. Si unajua ninakolala?"

Nikacheka, naye akacheka. Nikaandika jina langu na namba ya nyumbani kwa shangazi.

Mratibu akaipitia. "Mfanyakazi wa kitengo chetu haruhusiwi. Hana mwingine?"

Shangazi angekubali. Alikuwa zamu wodi ya juu tu. Ilibaki niseme sentensi moja. Nikaona haya.

"Hana," nikasema.

Nikamrudishia Mjomba ukurasa ule wa tatu wenye mstari mwekundu. Akaukunja mara nne.

"Yaani nimefeli hata mtihani wa ulevi," akasema. "Na nilivyousomea."

Jaribio lilipoisha matokeo yalikuwa mazuri, tukakata keki. Nilipouliza orodha ya waliokataliwa iwekwe wapi, Daktari Mkuu alisema, "Hao hawakuwa wagonjwa wetu." Ripoti ikaandika kwamba dawa inawasaidia walevi. Haikusema walevi gani.

Baadaye nilihamia Houston, kliniki ya umma, kugawa dawa ile ile. Waliopanga foleni walikuwa wale wale niliozoea kuwachorea mstari: wasio na anwani, wenye maini mabovu. Wengi hawakupata nafuu. "Dawa inafanya kazi," Msimamizi alituambia. "Wao ndio hawafanyi." Nami nikaandika kwenye mafaili yao: mgonjwa hashirikiani.

Mchana mmoja shangazi akanipigia kutoka Euless. Hospitali moja ya Dallas ilikuwa imempigia. Kuna mtu amefariki, hana kitambulisho. Mfukoni wamekuta karatasi iliyokunjwa mara nne, ina jina langu na namba ile. Walitaka kujua kama mimi ndiye mtu wake.

Nimeiacha kazi ile sasa. Mkiniuliza kama dawa ile ilifaa, sijui. Tuliijaribu kwa watu waliokuwa na wa kuwatafuta. Ninachojua ni kwamba niliwapigia wale wa hospitali nikasema ndiyo, ni mimi. Muuguzi akauliza nilimwona lini mara ya mwisho. Nikamwomba asubiri, nikafungua daftari, nikapekua ukurasa baada ya ukurasa.

Ilikuwa siku ile ya fomu.