Pindo za Kaptula, Eldoret hadi Voi

Mimi na rafiki yangu tulikulia kwenye shamba moja la mzungu Kaburu upande wa Moiben, ambako baba zetu walikuwa vibarua waliotoka Maragoli. Mama mmoja wa misheni alitufundisha kushona sote wawili, na rafiki yangu alikuwa na mkono mzuri kuliko wangu. Mimi nikapata kazi ya kushona vifungo na pindo kwa fundi Mhindi mjini Eldoret. Yeye akaolewa na mfanyakazi wa reli, wakahamia Voi.

Tangu usichana alikuwa na vipindi vyake. Angeweza kukaa kimya wiki nzima, hali chakula, hajali kuoga, halafu siku moja anaamka anacheka. Nyumbani walimwita mvivu. Huko Voi vipindi hivyo vikarefuka. Mume wake alipoletwa Eldoret kikazi alinijia dukani, akasimama mlangoni kofia mkononi.

"Shemeji, mwenzako usiku halali, mchana hatoki kitandani. Daktari anasema hana ugonjwa. Mama yangu anasema amerogwa. Mimi sijui nishike lipi."

"Analia?"

"Afadhali angelia."

Nilimwomba fundi ruhusa, nikapanda gari la moshi. Voi kulikuwa na joto ambalo sisi watu wa Eldoret hatulijui. Nilimkuta rafiki yangu amekaa kitandani, ameuelekea ukuta. Mtoto wake alikuwa kwa jirani.

"Umekuja kuniombea?" akauliza bila kugeuka. "Akina mama wa kanisa wameshaomba. Wanasema nina mume, nina mtoto, nina nyumba ya mawe, sasa nataka nini tena."

"Nimekuja kukaa na wewe."

"Basi kaa."

Nikakaa. Nilichemsha maji nikamwosha nywele, nikazisuka. Nilipika uji, akanywa nusu kikombe. Nilikuwa nimebeba kaptula za shule ambazo fundi alitaka zimaliziwe, nikaanza kuzishona. Baada ya muda akanyoosha mkono, akachukua moja. Alishona pindo la mguu mmoja, akaiweka chini.

"Nimechoka."

"Sawa," nikasema, nikashona mguu wa pili.

Siku ya kuondoka alinisindikiza mpaka stesheni.

"Uwe unanitumia hizo kaptula," akasema. "Nikiweza nitashona. Nikishindwa nitazirudisha hivyo hivyo, na usiniulize kwa nini. Na nikishona usinipongeze. Mimi si mtoto."

"Na nikitaka kujua kama uko hai?"

"Kifurushi kikirudi, niko hai."

Ndivyo tulivyofanya kwa miaka. Gadi mmoja wa gari la moshi, rafiki wa shemeji, alituchukulia vifurushi. Ndani niliweka karatasi yenye habari za mjini: matope yamekwamisha magari ya ng'ombe barabara kuu, mama yangu amepata meno mapya. Kaptula nyingine zilirudi zimeshonwa vizuri hata fundi akaziinua kwenye mwanga. Nyingine zilirudi kama zilivyokwenda. Moja ilirudi sindano ikiwa bado imechomekwa katikati ya pindo. Hizo nilizimalizia mwenyewe, nikatuma nyingine.

Mara moja kifurushi hakikurudi. Nilingoja, nikamuuliza gadi, naye akasema hajapewa kitu. Nikaondoka kwenda Voi bila ruhusa ya fundi. Nilimkuta amekonda sana, hata hakumbuki kwamba kuna kifurushi kilichofika. Nilikaa naye hadi alipoanza kula ugali. Akaniuliza, "Hii kitu itaisha?" Nikamwambia sijui. Akasema mimi ndiye mtu wa kwanza kumjibu hivyo, wengine wote walikuwa wanajua. Niliporudi Eldoret fundi alininyima kazi, mpaka alipochoka kushona vifungo mwenyewe.

Baadaye shemeji alihamishiwa Kisumu. Nilidhani hewa ya karibu na kwao Maragoli ingemsaidia. Ilimsaidia kidogo, kisha kipindi kingine kikaja. Lakini sasa alikuwa ameanza kukijua kinapokaribia, na mwaka mmoja, kabla hakijamlemea, alipanda gari la moshi peke yake akaja kwangu. Alikula, akalala mpaka mchana, akaamka, akalala tena.

Jirani yangu alichungulia mlangoni. "Mgeni wako ana nini? Ni mgonjwa?"

"Ndiyo," nikasema, "ni mgonjwa. Mwache alale."