Makopo Matatu ya Makaa ya Kiringye

Kabla ya kuichoma barua, Placide aliyashusha makopo matatu kutoka darini akayapeleka uani, mbali na jiko. Moshi wa karatasi ungeweza kupenya. Ndipo akarudi ndani, akaisoma barua mara ya mwisho huku akiikariri anwani, akaitia motoni na kuikoroga mpaka hata pembe moja isibaki. Ulikuwa mwezi wa tano wa 1964. Waasi walikuwa wameingia Uvira siku kumi zilizopita. Pale pale mtaani kwake Nyamianda, nyumba ya nne kutoka kwake, karani mmoja alichukuliwa kwa sababu ya bahasha yenye stempu ya Ubelgiji, na hakuwa amerudi.

Barua ilitoka kwa Monsieur Henrard, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuchimba ardhi ili kujua watu wa kale waliishi vipi. Mwaka mmoja kabla ya uhuru alikuja bondeni, Kiringye, akachimba tanuru iliyo juu ya kilima ambako babu yake Placide aliyeyusha chuma, na kabla yake babu wengine wasiohesabika. Placide ndiye aliyemshikia kamba na kupepeta udongo. Alikuwa na darasa sita tu, lakini alikuwa na masikio, na wakati ule mtu mwenye masikio aliweza kufika mbali kuliko hawa wa leo wenye vyeti.

Henrard alimweleza hivi. Kila chenye uhai, mti au ng'ombe au mtu, huchukua kutoka hewani au katika chakula kaboni ya aina mbalimbali, na aina moja kati ya hizo huisha polepole. Chenye uhai hujaziwa kila siku kinachopungua. Kikifa hakijaziwi tena, na baada ya miaka elfu tano na mia tano na kitu hubaki nusu yake. Kwa hiyo mti uliokatwa na kuchomwa makaa ya tanuru hubeba saa ndani yake, na Ulaya kuna mashine inayojua kuisoma. Lakini saa hiyo hudanganywa kirahisi. Kaa la jana likichanganyika na makaa ya kale, mashine haiwatengi mzee na mtoto. Hutoa hesabu moja ya wote, na mzee huonekana kijana.

Placide alilishika hilo kama amri. Yeye ndiye aliyemwambia Henrard asichukue makaa ya mdomoni mwa tanuru. Wahunzi wa kilima kile walikuwa na desturi yao: mtoto akizaliwa katika ukoo, mama huchukua kaa moja kutoka jikoni mwake, hulipaka mafuta ya mawese, akalipeleka kuliweka mdomoni mwa tanuru ili mtoto ahesabiwe na wenzake. Hata la Charlotte, binti yake wa kwanza, lilikuwa pale. Basi wakachimba chini kabisa, chini ya udongo ulioungua na mavi ya chuma, yale mabaki ya kuyeyusha, mahali ambapo hakuna mama aliyefika. Makaa ya huko yalijaza makopo matatu tu. Hakukuwa na mengine. Walitumia mwiko badala ya vidole, wakayakausha juani, wakayafunga katika karatasi ya alumini. Uhuru ulipofika Henrard akaondoka kwa haraka, akiwa ameacha makopo na neno moja: yatunze mpaka nitakapoandika.

Alikaa miaka minne bila kuandika. Miaka minne Placide aliishi akitazama juu darini. Shuleni mwalimu alikuwa amemwambia, mbele ya darasa zima, kwamba watu wa bonde walilima kwa vijiti, na kwamba jembe la babu yake lililetwa juzi na wachuuzi. Mwalimu yule alikwisha kufa, lakini maneno yake yaliendelea kula ugali na Placide kila siku. Sasa barua ilikuwa imekuja: mashine inasubiri, mradi makopo yafike kabla ya mwezi wa sita kwisha. Na posta iliyokuwa bado inafanya kazi ilikuwa ng'ambo, Bujumbura.

"Mama Charlotte, miye nakwenda," alisema alfajiri.

Ernestine alikuwa anamnyonyesha Firmin, mtoto wa mwisho. Alimtazama mumewe akiyafunga makopo ndani ya kitenge.

"Unakwenda kufa juu ya makaa, Baba Charlotte?"

"Ni ya babu."

"Najua ni ya babu," alijibu, akamgeuza Firmin upande wa pili.

Kizuizi cha waasi kilikuwa Kavimvira, njia ya kwenda mpakani: gogo lililolazwa juu ya mapipa mawili. Wapiganaji, wengine wakiwa na mikuki, walikaa kwa kujitenga na raia, maana waliokunywa dawa ya kuzuia risasi hawakutaka kuguswa. Mkubwa wao alikuwa Basile, mtu wa makamo mwenye kofia ya ngozi, na sauti yake ilikuwa ndogo mno hata ukalazimika kumsogelea. Aliuliza ndani ya kitenge kuna nini. Placide alijibu kwamba ni makaa. Wapiganaji wakacheka, mmoja akasema Bujumbura makaa yamekwisha, huyu baba anakwenda kuwapikia mabwana. Basile hakucheka. Aliuliza makaa gani yanafungwa kwa karatasi inayong'aa hivi, na nani aliyeifunga.

Placide angeweza kudanganya, lakini hakupata uongo wa haraka. Akasema alichimba na mzungu.

"Kumbe weye iko muntu wa wazungu," alisema Basile. "Fungula."

Kopo la kwanza lilifunguliwa. Basile alipoinua mkono, Placide akatamka jambo ambalo hakuna mwenye akili angelitamka mbele ya mikuki.

"Mukubwa, tafazali, usiyaguse na vidole."

Mmoja akasema ni sumu. Mwingine akasimama. Basile akaingiza vidole polepole, makusudi, huku akimtazama Placide usoni. Akakoroga, makaa yakavunjika. Kisha vidole vikatoka na kipande kimoja kilichokuwa kinang'aa kuliko vingine. Basile alikigeuza, akakinusa.

"Mawese," alisema. "Huyu mtoto ni wa nani?"

Placide alikitazama kile kipande. Mafuta yalikuwa yameloweka hata makaa ya jirani. Akaelewa yote kwa mara moja: Ernestine alikuwa ameweka humu kaa la jikoni. Hofu yake ikawa nyingine kabisa.

"Ni wa kwangu," alisema. "Anne-Marie, binti yangu wa pili."

"La kwangu mama alilipeleka Kiringye kwa mguu," Basile alisema, na sauti yake ikawa ndogo zaidi. "Mbona unasema ni ya muzungu, wakati ni ya kwetu? Ulitaka nikuue bure." Akakirudisha kipande ndani, akafunika mwenyewe. "Pita, ndugu yangu. Na ufunike vizuri, watoto wasipate baridi."

Hivyo ndivyo Placide alivyovuka akiwa hai. Alipita daraja la Ruzizi bila kuona maji. Alipofika Bujumbura, nyuma ya jengo la posta, alifungua kopo la pili: kaa jingine la mawese, limekwisha kuvunjika na kuenea. Hilo lilikuwa la Firmin. Makopo mawili yalikuwa yameharibika. Yakienda hivi, mashine ingesema tanuru ni ya juzi, na mwalimu angeshinda akiwa kaburini.

Akafungua la tatu. Alilichunguza mpaka macho yakamwuma. Hapakuwa na mafuta. Makaa makavu, mepesi, ya kale. Karani wa posta alimwuliza mara mbili kama anatuma au hatumi. Kurudi Nyamianda kumwuliza Ernestine kama alilifungua na hili kulikuwa ni kupita kizuizi tena, na labda mara ya tatu, na Basile hawezi kukaa pale kila siku. Lakini kutuma bila kujua ni kuweka neno la uongo kinywani mwa babu, na uongo wa mashine haufutiki. Akalifunga kopo, akarudi. Siku hizi angepatikana nani wa kurudi?

Alifika nyumbani kesho yake mchana, miguu imevimba. Ernestine alikuwa anaanua dagaa. Alipomwona na makopo, alijua. Hakukana. Alisema mama mkwe ndiye aliyemfundisha, kwamba mwanamke wa nyumba ya wahunzi asimwache mtoto nje ya hesabu. Kiringye ni mbali, naye alikuwa mzazi. Na makaa ya tanuru yenyewe yalikuwa yamehamia darini kwake, sasa angeyapeleka mengine wapi?

"Uliniambia nisiyaguse," alisema. "Sikuyagusa. Nilitumia kijiko."

Placide aliliweka kopo la tatu katikati yao.

"Na hili? Hili haliko na mafuta. Hili hukulifungua?"

Ernestine aliacha dagaa. Kati ya Anne-Marie na Firmin kulikuwa na mtoto mwingine, wa kiume, aliyezaliwa bila sauti na kuzikwa siku hiyo hiyo. Tangu wakati huo hawakuwahi kumtaja ndani ya nyumba ile.

"Mwenye kufa hapakwi mafuta," alisema.

Placide alifungua karatasi ya alumini juu ya mkeka. Akaanza kugeuza vipande kimoja kimoja, kwa vidole sasa, bila mwiko. Ernestine akainama karibu naye.

"Ni kipi?" Placide aliuliza.

Ernestine aligusa kimoja, akakiacha, akagusa kingine.

"Sijui tena, Baba Charlotte. Yote iko nyeusi."

Mwezi wa sita ukaisha. Makopo yakarudi darini, yote matatu, na Placide hakuyafungua tena, maana sasa hakujua angekuwa anamshika nani.